Historia ya meli za matanga za biashara za Ireland na mabaharia wake

Ireland ni kisiwa. Mfanyabiashara wa huko aliyetaka kuuza siagi, ng'ombe au shayiri nje ya nchi, au kuagiza makaa ya mawe, chumvi na mbao, hakuwa na njia nyingine ila kuvuka maji. Jirani wa karibu ni Uingereza. Kutoka Dublin hadi bandari ya Holyhead, Wales, ni takriban kilomita 100 tu, umbali ambao chombo cha matanga chenye upepo mzuri kiliumaliza ndani ya siku moja. Upepo ukigeuka, chombo hicho hicho kiliweza kukaa wiki mbili nangani kikisubiri.

Stima zilianza kuvuka bahari hiyo mara kwa mara katika miaka ya 1820. Hata hivyo, meli za matanga za Ireland ziliendelea kubeba mizigo kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo, na za mwisho ziliacha kazi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sababu za kudumu kwake si ngeni kwa msafirishaji yeyote: kina cha maji bandarini, mzigo wa kurudi nao, na suala la nani hasa anamiliki chombo. Hili la tatu ndilo lililokuja kuigharimu Ireland wakati wa vita.

Mzigo wa Ireland, meli ya jirani

Katika karne ya 17 na ya 18 Ireland ilitawaliwa na Uingereza, na sheria za biashara zilitungwa kumlinda mfanyabiashara wa Uingereza. Mwaka 1667 ng'ombe wa Ireland walipigwa marufuku kuingizwa Uingereza. Mwaka 1699 ikawa zamu ya vitambaa vya sufu, ambavyo vilizuiwa kuuzwa katika masoko ya nje. Bidhaa za makoloni kama vile sukari na tumbaku zilitakiwa kwanza zishushwe katika bandari za Uingereza, zilipiwe ushuru, ndipo zivushwe kwenda Ireland.

Mlango mmoja ulipofungwa wafanyabiashara walitafuta mwingine. Kwa kuwa ng'ombe hai hakuruhusiwa kuvuka, alichinjwa nyumbani, nyama ikatiwa chumvi na kufungwa kwenye mapipa ya mbao. Mji wa Cork, kusini mwa Ireland, ukawa mojawapo ya vituo vikubwa vya nyama ya chumvi na siagi katika bahari ya Atlantiki. Mapipa ya Cork yalilisha mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza, mabwana wa mashamba ya miwa ya West Indies, na watumwa waliofanyishwa kazi katika mashamba hayo. Siagi ilikaguliwa na kupangwa kwa madaraja kabla ya kupakiwa, na pipa lenye alama ya Cork liliaminiwa na mnunuzi bila kufunguliwa.

Waterford nayo ilipata soko lake Newfoundland, katika Canada ya leo. Kila masika meli zilipita hapo kuchukua nyama ya nguruwe, siagi, mikate mikavu na vibarua wa msimu wa kuvua samaki. Wengine hawakurudi. Hadi leo Newfoundland ina jina katika lugha ya Kiireland, Talamh an Éisc, maana yake Nchi ya Samaki.

Jambo la kuangalia ni kwamba sehemu kubwa ya mizigo hiyo haikusafiri kwa meli za Waireland. Mkulima, mchinjaji na fundi mapipa walikuwa wa Ireland. Meli, na faida ya nauli, vilikuwa vya Bristol, Liverpool na bandari nyingine za Uingereza. Vizuizi vingi viliondolewa mwaka 1779 na 1780, lakini mazoea ya kutegemea chombo cha jirani hayakuondoka na sheria.

Abiria kwenda, mbao kurudi

Biashara ya mbao za Canada iliyokua mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa na tatizo ambalo mwenye lori analijua vizuri. Meli ilirudi kutoka Quebec imejaa magogo na mbao, lakini ilipokwenda ilikuwa tupu. Chombo kitupu hakisimami vizuri baharini, kwa hiyo hulazimika kutiwa farumi, yaani mawe au mchanga wa kukipa uzito. Farumi haina nauli, na kuipakia na kuitupa kuna gharama.

Njaa kubwa ilipoikumba Ireland kati ya 1845 na 1852, baada ya viazi kuharibiwa na ugonjwa, wenye meli walipata kitu cha kujaza ngama. Watu takriban milioni moja walikufa na wengine takriban milioni moja waliihama nchi. Vitanda vya mbao vilipigiliwa haraka ndani ya sehemu ya mizigo, abiria wakaingizwa, na walipofika Quebec vitanda viling'olewa ili mbao zipakiwe. Kwa lugha ya biashara, abiria alikuwa farumi inayojilipia. Wakati huo huo, katika bandari hizo hizo, shayiri na siagi ziliendelea kupakiwa kwenda Uingereza, kwa sababu zilikuwa na mnunuzi.

Mwaka 1847 ulikuwa mbaya kuliko yote. Homa ya matumbo na homa ya chawa zilienea ndani ya meli zilizojaa kupita kiasi, na katika kisiwa cha karantini cha Grosse Île, kwenye mto St. Lawrence, walizikwa zaidi ya watu 5,000. Meli za aina hiyo zilipewa jina la meli za majeneza.

Si zote zilikuwa hivyo. Jeanie Johnston ilijengwa Quebec mwaka 1847 na kununuliwa na Nicholas Donovan, mfanyabiashara wa Tralee. Kati ya 1848 na 1855 ilifanya safari 16 za kuvuka Atlantiki ikiwa na abiria takriban 2,500 kwa jumla, na hakuna hata mmoja aliyefia ndani yake. Hakukuwa na muujiza. Nahodha James Attridge hakukubali kujaza kupita kiasi, Dk. Richard Blennerhassett aliajiriwa kama daktari wa meli, na hali ya hewa ikiruhusu abiria walipandishwa sitahani kupata hewa safi huku matandiko yakianikwa. Gharama ya daktari mmoja ilikuwa ndogo ikilinganishwa na hasara ya kufika na meli yenye homa, ambayo ingewekwa karantini huku mzigo wa mbao ukisubiri. Hata hivyo wenye meli wachache ndio waliopiga hesabu hiyo.

Jeanie Johnston ilizama mwaka 1858 ikirudi na shehena ya mbao. Ilikuwa imelowa maji hadi ikashindwa kwenda, lakini mbao zenyewe ziliielea kwa muda, na mabaharia waliokuwa juu ya milingoti waliokolewa na meli ya Kiholanzi iliyopita karibu. Kwa hiyo hata siku yake ya mwisho haikuua mtu.

Arklow na hisa 64

Meli za kuvuka Atlantiki zilikuwa chache. Uti wa mgongo wa biashara ya matanga ya Ireland ulikuwa vyombo vidogo vya kuvukia bahari ya Ireland, hasa skuna. Skuna ni meli yenye milingoti miwili au zaidi ambayo matanga yake makuu yamefungwa kwa kufuata urefu wa chombo, si kwa kukingama kwenye foromali. Matanga ya namna hiyo huendeshwa na watu wachache kutoka sitahani, na chombo huweza kwenda karibu na upepo. Skuna ya kawaida ya pwani ilibeba tani 100 hadi 200 za mzigo ikiwa na watu watano au sita.

Miji iliyojulikana kwa skuna ni mingi. Wexford ilisafirisha kimea cha pombe kwenda Dublin, Annalong ikapeleka mawe ya granaiti ya milima ya Mourne, Youghal ikaishi kwa makaa ya mawe. Lakini jina lililodumu kuliko yote ni Arklow, mji mdogo ulio kwenye mlango wa mto Avoca, takriban kilomita 70 kusini mwa Dublin.

Bandari ya Arklow haikuwa nzuri. Mchanga uliziba mlango wa mto na kina kilikuwa kidogo, kiasi kwamba meli kubwa haikuweza kuingia. Kasoro hiyo iliwazuia matajiri wa Dublin na Liverpool kupeleka meli zao, na wenyeji wakabaki na kazi yao. Mzigo ulitoka bondeni juu ya mto, kwenye machimbo ya Avoca. Mwaka 1838 mfalme wa Naples aliipa kampuni moja ya Kifaransa haki ya peke yake ya kuuza salfa ya Sicily, bei ikapanda ghafla, na viwanda vya kemikali vya Uingereza vikatafuta salfa mahali pengine. Avoca ilikuwa na mawe yenye salfa. Uamuzi uliofanywa kwenye bahari ya Mediterania ukazipa kazi skuna za mto wenye mchanga huko Ireland.

Ununuzi wa skuna ulifuata utaratibu wa sheria ya usajili ya miaka ya 1820, ambayo iligawa umiliki wa kila meli katika hisa 64. Mtu mmoja angeweza kuwa na zote, au zikagawanywa kwa watu wengi. Katika miji kama Arklow, nahodha alinunua kadiri alivyoweza, na hisa nyingine zikachukuliwa na ndugu zake, muuza duka, fundi wa matanga, mhunzi, mfanyabiashara wa makaa, wakati mwingine mjane wa nahodha mwenzake. Fundi wa matanga mwenye hisa alikuwa na uhakika wa kupata kazi ya kushona. Muuza makaa mwenye hisa alikuwa na uhakika wa kuletewa mzigo. Mwisho wa mwaka hesabu zilifungwa na kila mmoja akapata gawio lake.

Faida ya mpango huu ilionekana siku ya msiba. Aliyekuwa na hisa nne katika meli tano tofauti, meli moja ikizama hakufilisika. Ubaya wake ni kwamba meli ilipohitaji matengenezo makubwa, wote walitakiwa kuchangia, na si kila mwenye hisa alikuwa na fedha mkononi. Skuna nyingi zilizeeka zikiwa zimewekwa viraka kwa sababu ya ukata wa wenyewe.

Kwa nini stima haikuziua mapema? Stima hula makaa hata ikiwa imesimama na moto umewashwa, na mishahara ya watu wake wengi inahesabiwa kila siku. Kwa hiyo inahitaji gati refu, mzigo mkubwa na upakuaji wa haraka. Skuna ilingia kwenye mto wakati maji yamejaa, ikakaa juu ya mchanga yakipwa, na mikokoteni ya farasi ikaja ubavuni kupakua makaa. Muuza makaa wa mji mdogo hakuwa na ghala la kuweka tani 1,000. Tani 150 kila baada ya wiki chache zilimtosha, na ikibidi skuna yenyewe iligeuka ghala.

Mfano mzuri ni Kathleen & May, skuna ya milingoti mitatu iliyojengwa Connah's Quay, Wales, mwaka 1900 kwa jina la Lizzie May. Mwaka 1908 ilinunuliwa na Fleming, mfanyabiashara wa Youghal, ambaye aliibadilisha jina na kuipa majina ya mabinti zake wawili. Kwa zaidi ya miaka 20 ilileta makaa ya mawe Youghal kutoka bandari za mlango wa Bristol, na ikarudi na magogo ya kuegemezea paa za migodi ya Wales. Yaani mgodi ulituma makaa na kupokea nguzo zake. Safari yenye mzigo pande zote mbili namna hiyo haikuwa rahisi kupatikana, na aliyeipata aliing'ang'ania.

Watu watano ndani ya skuna

Nahodha wa skuna hakuwa mwendesha chombo tu. Alipofika Liverpool au Garston na kupakua, mara nyingi yeye ndiye aliyekwenda ofisi kwa ofisi kutafuta mzigo wa kurudi, akapatana bei ya nauli kwa tani, akalipa ushuru wa bandari na gharama za rubani, kisha akaandika barua au simu ya upepo kwa wenye hisa. Nahodha hodari baharini lakini dhaifu kwenye kupatana bei hakudumu. Kwenye baadhi ya vyombo hapakuwa na mshahara wa mwezi. Nauli iligawanywa kwa mafungu, fungu la chombo na fungu la watu, na siku zilizopotea kusubiri upepo zilikuwa hasara ya wote.

Chini yake alikuwapo msaidizi wake, mabaharia wawili au watatu, na mtoto wa jikoni. Mtoto huyo aliingia baharini akiwa na miaka 13 au 14, mara nyingi kwa baba, mjomba au jirani. Alipika, akaosha masufuria, akafunga matanga ya juu, na usiku akashika zamu kama mtu mzima. Watu wengi waliokuja kuwa manahodha wa Arklow walianzia kwenye jiko hilo. Chakula kilikuwa viazi, nyama ya chumvi, chai, mkate na samaki aliyepatikana njiani.

Kazi ilikuwa ya mikono. Makaa yalipandishwa kutoka ngama kwa vikapu na kamba, na katika bandari ndogo zisizo na makuli mabaharia wenyewe ndio waliopakua. Skuna ya mbao iliyozeeka huvuja, kwa hiyo pampu ilipigwa kila zamu, usiku na mchana. Kwenye ukungu nahodha alipima kina kwa bildi yenye mafuta ya mnyama chini yake, na rangi ya mchanga ulionata ilimwambia alipo. Manahodha wazee walisemwa kuwa waliujua mchanga wa bahari ya Ireland kama mkulima anavyolijua shamba lake.

Mafungu ya mchanga ndiyo yaliyoogopwa zaidi. Pwani ya mashariki ya Ireland imezingirwa nayo kuanzia karibu na Dublin hadi kusini, na fungu la Arklow liko mbele ya mji wenyewe, kiasi kwamba familia ziliweza kuona taa za chombo kilichokwama. Si bahati tu kwamba mojawapo ya vituo vya mwanzo vya mashua za uokoaji nchini Ireland kilianzishwa Arklow, mwaka 1826.

Zipo pia hadithi za kuchekesha. Skuna Cymric, chombo cha chuma kilichojengwa Amlwch, Wales, mwaka 1893 na baadaye kikawa cha Arklow, ilikuwa ikisubiri daraja lifunguliwe kwenye gati la Ringsend, Dublin, mwaka 1921, upepo ukaisukuma. Mlingoti wa maji, ile boriti inayochomoza mbele ya omo, ukapenya dirisha la tramu iliyokuwa ikipita darajani. Ajali ya meli na tramu si jambo la kila siku, na watu wa Dublin waliisimulia kwa miaka mingi.

Vita viwili

Vita vya Kwanza vya Dunia viliziumiza skuna vibaya. Nyambizi za Ujerumani hazikupoteza torpedo kwa chombo kidogo cha matanga. Mabaharia waliamriwa waingie kwenye mashua, kisha skuna ikazamishwa kwa mizinga au baruti. Uingereza ikajibu kwa kuzitia baadhi ya skuna mizinga iliyofichwa, ili nyambizi ikisogea ishambuliwe. Cymric ilikuwa mojawapo, na mnamo Oktoba 15, 1918 ilizamisha kwa makosa nyambizi ya Uingereza yenyewe, J6. Skuna Mary B Mitchell, iliyojengwa Carrickfergus mwaka 1892, nayo ilipewa kazi hiyo. Vita vilipokwisha zote mbili zilirudi kwenye biashara ya mizigo.

Ireland ilipojitawala mwaka 1922 haikujijengea meli za bahari kuu. Kwa nini ijisumbue, wakati meli za Uingereza zilikuwapo na nauli ilikuwa nafuu? Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza Septemba 1939, nchi nzima ilikuwa na meli za biashara 56 tu, na karibu zote zilikuwa ndogo za pwani. Ireland ilitangaza kutofungamana na upande wowote. Mwanzoni mwa 1941 Uingereza, iliyokuwa ikipoteza meli zake kila wiki, ilipunguza nafasi iliyokuwa ikiwapa wafanyabiashara wa Ireland. Athari zilifika mezani upesi. Mgawo wa chai, katika nchi inayopenda chai kama pwani ya Afrika Mashariki, ulishuka hadi takriban gramu 14 kwa mtu kwa wiki.

Machi 1941 serikali iliunda kampuni ya Irish Shipping Ltd na kununua meli kuukuu popote zilipopatikana, hadi zikafika 15. Kabla na baada ya hapo, vyombo vidogo vya pwani vilitumwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambayo nayo haikuwa vitani. Vilipeleka makaa ya mawe ya Uingereza, vikarudi na ngano na bidhaa zilizoshushwa hapo na meli kutoka Marekani. Ili viruhusiwe kupita vilitakiwa kuwa na cheti cha Waingereza na kukaguliwa katika bandari ya Uingereza. Ubavuni viliandikwa EIRE kwa herufi kubwa na kupakwa bendera, na usiku viliwashwa taa, wakati meli za nchi zinazopigana zilisafiri gizani. Hata hivyo vilishambuliwa, na ndege na nyambizi na mabomu ya kutegwa baharini.

Miongoni mwa vyombo vilivyofanya safari hizo zilikuwamo skuna za Arklow, zenye umri wa miaka 50 na zaidi. Cymric iliondoka Ardrossan, Scotland, Februari 23, 1944 ikielekea Lisbon. Siku iliyofuata ilionekana nje ya Dublin. Haikuonekana tena, wala ubao wake haukupatikana. Watu 11 walikuwa ndani yake. Mary B Mitchell ilivunjika kwenye pwani ya kusini ya Scotland mwezi Desemba mwaka huo huo.

Kwa jumla Ireland ilipoteza meli 16 na mabaharia 136 katika vita ambavyo haikupigana. Katika kipindi hicho hicho meli zake ziliokoa mamia ya watu wa mataifa mbalimbali. Waliookolewa kwa wingi zaidi kwa mara moja walichukuliwa na Kerlogue ya Wexford, si skuna bali meli ndogo ya injini yenye mabaharia 10, iliyokuwa ikirudi kutoka Lisbon na shehena ya machungwa. Desemba 29, 1943 iliwatoa majini wanamaji 168 wa Ujerumani ambao manowari zao zilikuwa zimezamishwa katika ghuba ya Biscay. Miezi miwili kabla, Kerlogue hiyo hiyo ilikuwa imepigwa risasi na ndege za upande wa Uingereza kwa makosa.

Kumalizika kwa matanga

Baada ya 1945 malori yaliwafikia wauza makaa wa miji midogo, na skuna hazikuwa na la kusubiri kwenye mchanga. Zilizobaki zilitiwa injini na kupunguzwa milingoti. Moja iliyokataa kubadilika ni Brooklands, iliyojengwa Dartmouth mwaka 1859 kwa jina la Susan Vittery kwa ajili ya kukimbiza matunda kutoka visiwa vya Azores. Ilizama karibu na mwamba wa Tuskar mwaka 1953, ikiwa na umri wa miaka 94. De Wadden, skuna ya chuma iliyojengwa Uholanzi mwaka 1917 na kununuliwa na familia ya Hall ya Arklow mwaka 1922, ilibeba mizigo kati ya Ireland na bandari za mto Mersey hadi 1961, wakati huo ikitegemea injini kuliko tanga.

Kilichofuata hakikutarajiwa na wengi. Kampuni ya serikali, Irish Shipping, ilikuwa na meli kubwa na jina zuri. Lakini ilijifunga kwa mikataba ya muda mrefu ya kukodi meli za watu wengine kwa bei ambayo soko liliposhuka haikuweza kuilipa. Novemba 1984 serikali iliiacha ifilisike. Mabaharia wake walikwama kwenye bandari za nje, na wale wa Irish Spruce walibaki ndani ya meli yao huko Marseille kwa miezi kadhaa wakidai haki zao.

Arklow haikuwa na ruzuku. Mwaka 1966 wenye vyombo watatu wa mji huo, James Tyrrell, Michael Tyrrell na Victor Hall, wote wa familia za skuna, waliunganisha vyombo vyao vidogo vya injini chini ya usimamizi mmoja ili watafute mizigo pamoja badala ya kupunguziana nauli. Kampuni hiyo, Arklow Shipping, ndiyo iliyokuja kuwa na meli nyingi za mizigo kuliko kampuni nyingine yoyote ya Ireland. Meli zake zilizidi ukubwa wa bandari ya nyumbani, na jina la Arklow likabaki limeandikwa tezini kwenye meli ambazo nyingi haziwezi kuingia Arklow.

Vyombo vichache vya zamani vilikumbukwa. Nakala ya Jeanie Johnston ilijengwa Blennerville, karibu na Tralee, na mwaka 2003 ilivuka Atlantiki. Ilen, chombo cha mizigo cha matanga kilichojengwa Baltimore, kusini mwa Ireland, mwaka 1926 kwa ajili ya visiwa vya Falkland, kilirudishwa nyumbani mwaka 1997 na kuingizwa tena majini mwaka 2018 baada ya kufanyiwa matengenezo.

Suala la kumtegemea jirani lilirudi Januari 2021, Uingereza ilipotoka kwenye soko la pamoja la Ulaya. Kwa miaka mingi malori ya Ireland yaliyokwenda Ufaransa na Ujerumani yalikatisha Uingereza kwa barabara. Taratibu mpya za forodha ziliwafanya wasafirishaji wengi waikwepe njia hiyo, na huduma mpya ya feri ikaanzishwa mwezi huo huo kutoka Rosslare, kusini mashariki mwa Ireland, moja kwa moja hadi Dunkirk, safari ya takriban saa 24. Nauli ni kubwa kuliko ile ya kukatisha Uingereza, lakini dereva hupumzika njiani. Feri hizo zinapotoka Rosslare hupita karibu na mwamba wa Tuskar, ambao mnara wake wa taa umekuwa ukiwaka tangu 1815.